Maji Yanatokota kwa Nyuzi 95: Kupika IPA Nyumbani Arusha

Mara ya kwanza nilidhani kipimajoto kimekufa. Sufuria ya lita 35 ilikuwa inatokota juu ya jiko la gesi, uani kwetu Sakina, povu likitafuta pa kumwagikia, na namba imegoma kwenye 95. Nikakitoa, nikakipangusa, nikakirudisha. 95 vilevile. Maelekezo niliyokuwa nayo yalisema chemsha dakika 60, basi. Aliyeyaandika bila shaka anaishi karibu na bahari. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, na maji huanza kutokota kabla hayajaifikia 100. Moshi, ambayo iko chini zaidi, yangetokota kwenye 97 hivi.

Kwa chai, nyuzi tano si kitu. Kwa maharage, ni mkaa wa ziada na watoto kulala na njaa. Kwa bia ya IPA, ambayo sifa yake yote ni uchungu na harufu, nyuzi tano zilinipa kinywaji kitamu-tamu chenye uchungu mlegevu, na wageni wakanywa kwa heshima tu. Tangu siku hiyo nimeacha kuieleza bia hii kwa orodha ya viungo. Anayeniuliza namwambia habari ya joto: kimea kilikaushwa kwa joto gani, kililowekwa kwenye maji ya joto gani, hopi, yale maua yanayotoa uchungu na harufu, ziliingia wakati gani wa joto, na hamira ililala chumba cha joto gani. Viungo hupatikana kwa pesa, lakini joto ni lako mwenyewe.

Jina kwanza, tulimalize. IPA ni kifupi cha India Pale Ale. Maelezo yanayopendwa vijiweni ni kwamba Mwingereza mmoja alikaa akabuni bia chungu ili isiharibike baharini kwenda India. Mambo hayakwenda hivyo. Mwishoni mwa karne ya 18 George Hodgson alikuwa na kiwanda huko Bow, mashariki mwa London, karibu na meli za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, akawauzia mabaharia bia ambayo tayari ilikuwa ikipikwa. Bia nyeusi nazo zilifika India zikiwa nzima. Katika miaka ya 1820 wapishi wa mji wa Burton upon Trent, Samuel Allsopp akiwa mmoja wao, wakaingia kwenye soko hilo, na maji yao yenye jasi nyingi yakaufanya uchungu uwe mkavu na safi. Baadaye mtindo ukafifia, hadi Wamarekani walipoufufua kuanzia miaka ya 1970 kwa hopi zao wenyewe, kama Cascade iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, yenye harufu ya balungi.

Sasa tuje kwenye kimea, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na hapa ndipo sisi wa huku tunapaswa kuelewa haraka kuliko Mwingereza.

Shangazi yangu anapika mbege, pombe ya Kichaga ya ndizi na ulezi, huko Kibosho. Siku nilipomweleza kwamba naloweka shayiri iliyoota kwenye maji ya nyuzi 66 kwa saa moja hadi maji yawe matamu, alinitazama kama mtu anayeelezwa jinsi ya kufunga kanga. "Mwanangu, hiyo si togwa?" Ndiyo, shangazi, ni togwa. Unapika uji, unaacha upoe kidogo, unatia unga wa kimea cha ulezi, unakoroga, na uji uliokuwa mzito unalegea mbele ya macho yako na kuwa mtamu bila sukari. Kinachofanya kazi ni vimeng'enya vilivyozaliwa mbegu ilipoota. Vinaukata wanga kuwa sukari. Na kila aliyewahi kuiharibu togwa anajua kosa lake: alitia kimea uji ukiwa bado wa moto sana. Kimea kikaungua, kama wanavyosema, uji ukabaki uji. Vimeng'enya vilikufa.

Tofauti moja ya shayiri ni kwamba haihitaji kupikwa uji kwanza. Wanga wa mahindi hukaza hadi uchemshwe ndipo ufunguke. Wanga wa shayiri hufunguka kwenye nyuzi 60 hadi 65, joto ambalo vimeng'enya vyake vyenyewe bado viko hai. Kwa hiyo punje na mkataji wake wanaingia sufuria moja kwa wakati mmoja. Bahati hiyo imechangia sana kuifanya shayiri itawale bia za dunia.

Vimeng'enya hivyo ni viwili vyenye tabia mbili. Fikiria muwa mrefu. Mmoja anaukata kuanzia nchani, pingili mbili mbili, kwa utaratibu, na vipande vyake ni sukari ambayo hamira huila yote. Huyu anapenda nyuzi 60 hadi 65, na juu ya hapo anachoka upesi. Wa pili anakuja na panga, anakata popote katikati, na kuacha vipande vingi virefu ambavyo hamira haiwezi kutafuna. Huyu hustahimili nyuzi 70 bila taabu. Ukiloweka kwenye 65 unapata bia kavu na nyepesi mdomoni. Ukiloweka kwenye 69 unapata bia nzito yenye utamu unaobaki. Kwa IPA mimi nakaa 65 au 66. Uchungu mwingi juu ya utamu mwingi ni kama kuongeza chumvi ili kuficha sukari: unaishia na kitu kinachochosha kwenye glasi ya kwanza.

Hili la utamu ndilo linalotuleta kwenye vimea maalumu. Kwa nini pawe na kimea zaidi ya kimoja? Kwa sababu shayiri iliyoota ni malighafi tu, na tanuri ndiyo inayoamua itakuwa nini. Kimea cha kawaida, cha rangi ya majani makavu, hukaushwa hadi nyuzi 80 na kitu. Vimeng'enya vinabaki hai, ladha ni ya nafaka na mkate mweupe. Huyu ndiye anayebeba bia, asilimia 85 na zaidi ya kimea chote. Kimea cha aina ya Munich hupandishwa hadi nyuzi 100 hivi: rangi inakuwa ya dhahabu iliyokolea, ladha inaelekea ganda la mkate, na vimeng'enya vinabaki vya kujitosheleza mwenyewe tu.

Kimea cha karameli kina njia yake. Hakikaushwi kwanza. Punje mbichi zenye maji huwekwa kwenye joto la togwa, nyuzi 65 hadi 70, zikiwa zimefunikwa, mpaka wanga ugeuke sukari humo humo ndani ya ganda. Kila punje inakuwa sufuria yake ndogo. Halafu ndipo inachomwa, na sukari ile inakuwa karameli, kwa hiyo ukiivunja kwa meno utaona kitu kigumu kama kioo ndani. Kwa kuwa kazi imeshafanyika, kimea hiki hakihitaji kimeng'enya. Unaweza kukiloweka tu kama majani ya chai. Kinatoa rangi ya shaba, ladha ya sukari iliyoungua au zabibu kavu, na utamu ambao hamira haiumalizi.

Vimea vya kuchomwa hadi vyeusi, kwenye nyuzi 200 na zaidi, havina kazi kwenye IPA isipokuwa kidogo kwa rangi. Mashine ya pipa linalozunguka iliyowezesha kuvichoma bila kuviunguza ilisajiliwa Uingereza na Daniel Wheeler mwaka 1817. Na tuondoe dhana moja: rangi si nguvu. Bia nyeusi haina kilevi zaidi kwa sababu ni nyeusi. Kilevi kinatokana na wingi wa sukari iliyoliwa na hamira, na kimea cheusi hakichangii sukari ya maana.

Kosa la anayeanza, na nililifanya, ni kukipenda kimea cha karameli kupita kiasi. Harufu yake ukiwa unakiparaza ni ya biskuti, unajiambia weka kilo nzima. Bia inatoka kama juisi ya zabibu kavu, na hopi zote ulizonunua kwa gharama zinafunikwa. Tena karameli huzeeka vibaya: baada ya miezi miwili inaonja kama karatasi iliyolowa asali. Gramu 300 kwa lita 20 zinatosha. Si lazima hata ununue. Chukua kimea cha kawaida, kiloweke usiku kucha, kichuje, kikae kwenye chombo kilichofunikwa ndani ya oveni kwa nyuzi 65 hadi 70 kwa saa moja na nusu, kisha kitandaze na kukichoma kwa nyuzi 150 huku ukigeuza, mpaka kifike rangi unayotaka. Changu huwa hakilingani, punje nyingine zimeiva, nyingine zimeungua, lakini nakipenda kuliko cha dukani.

Kuhusu kupata shayiri yenyewe: inalimwa jirani, Monduli, Karatu na Kilimanjaro Magharibi. Lakini biashara hiyo ni ya malori, si ya kilo tano, na mimi hupata changu kupitia watu wanaosafiri. Kimea kikija kizima, usikipeleke kwenye mashine ya mtaani inayosaga unga wa sembe. Utarudi na unga, na unga utakupa ugali. Unataka kuparaza tu: punje ipasuke, ganda libaki, kwa sababu ganda ndilo chujio. Kinu na subira vinatosha. Mimi nafunga kimea kilichoparazwa ndani ya kitambaa chepesi cha pazia, natumbukiza kama mfuko wa majani ya chai, na baada ya saa moja nauinua na kuuning'iniza udondoke.

Baada ya hapo ndipo moto mkubwa, na hopi.

Hopi ni maua ya kike ya mmea unaopanda, wa ukoo mmoja na bangi, ingawa hailevyi kama bangi. Mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi, zile za mbali na ikweta, na ndiyo maana hata Afrika Kusini wanailima kule George, kusini kabisa, si kaskazini. Mbege ina msesewe kwa kazi hiyo ya uchungu, gome la mti, na nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisitie msesewe. Sitii kwa sababu sijui kipimo. Uchungu wa msesewe unatokana na alkaloidi, na ni jamaa wa karibu wa mti wa Asia uliotoa dawa ya presha katika miaka ya 1950. Shangazi ana mkono wa miaka arobaini. Mimi nina mizani ya jikoni.

Ndani ya ua la hopi kuna unga wa njano unaonata wenye vitu viwili visivyopatana. Kimoja ni asidi za alfa, ambazo zikiwa mbichi haziyeyuki vizuri wala hazina uchungu wa maana. Zinahitaji kuchemshwa muda mrefu ili umbo lake lijipange upya ndipo ziwe chungu. Kingine ni mafuta ya harufu, ya balungi, embe, msonobari, ambayo yakichemshwa yanapaa na mvuke. Uchungu unataka moto, harufu inaukimbia. Huwezi kuvipata vyote kwa kutia hopi mara moja, kama ambavyo hakuna mpishi anayetia kotimiri pamoja na vitunguu mwanzoni. Kwa hiyo unatia kwa awamu: za mwanzo kwa uchungu, za mwisho kwa ladha, za baada ya kuzima jiko kwa harufu.

Na hapa ndipo zile nyuzi 95 zinapodai chao. Kasi ya asidi za alfa kugeuka inategemea joto mno. Kwa hesabu ya kikemia, kwenye nyuzi 95 inashuka hadi karibu theluthi mbili ya kasi ya kwenye 100. Maana yake, dakika 60 za mwandishi wa pwani ni dakika 90 za Arusha, na chini kidogo ya 80 kwa Moshi. Usipotaka kuongeza muda, ongeza hopi. Mimi naongeza muda, kwa sababu hata kwa bei ya gesi ya leo, hopi ni ghali zaidi. Hopi za mwishoni ndizo zinazopungukiwa zaidi na uchungu, lakini hizo hatukuzitia kwa ajili ya uchungu, basi tusizililie.

Vipimo vyangu kwa lita 20 ni hivi. Kimea cha kawaida kilo 5, Munich gramu 300, karameli gramu 300 hadi 400, kwenye maji lita 28 au 29. Nyingine zitanyonywa na machicha, nyingine zitakwenda na mvuke. Hopi yenye asidi za alfa asilimia 12, gramu 30 mwanzo wa kuchemsha, gramu 30 zikibaki dakika 10. Nikizima, nasubiri mchuzi wa kimea ushuke hadi 80 na kutia gramu 60 za hopi ya harufu, kama Citra au Cascade, dakika 20. Haidromita, kifaa cha kupima wingi wa sukari kwenye mchuzi, inasoma karibu 1.060 kabla ya hamira na 1.012 mwishoni, ambayo ni kilevi cha asilimia 6 na kidogo. Si bia ya kunywa ukiwa na bodaboda.

Kabla ya hamira, maji, na hapa Arusha hili si jambo la kupita juu juu. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watu wa huku ni ushahidi unaotembea. Watu wanadhani kuchemsha kunasafisha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haipai na mvuke. Ukipunguza lita 28 hadi 20, floraidi iliyokuwamo inabanana humo. Maji hayo pia yana magadi, yanayoufanya uchungu wa hopi uwe na ukakasi, ule wa kubana ulimi kama ndizi mbichi. Vichujio vya mifupa iliyochomwa vinasaidia floraidi. Mimi natumia maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua za kwanza, na natia jasi gramu 8 za daraja la chakula, ili kukaribia kidogo Burton. Jasi inachimbwa Makanya, wilayani Same, saa chache kwa basi kutoka hapa, na mkono unawasha kuinunua huko. Lakini ile ni ya saruji, haikusafishwa kwa ajili ya tumbo. Moshi wana bahati, chemchemi za Kilimanjaro ni laini zaidi.

Hamira ni ya bia, si ya mkate. Zote ni spishi moja, ndiyo, kama ng'ombe wa maziwa na wa nyama walivyo ng'ombe. Ya mkate hutoa gesi haraka, haitulii chini, na mara nyingi inaacha harufu ya karafuu. Ya bia inataka nyuzi 18 hadi 21, na kumbuka ndoo yenyewe inajipasha joto bia ikichacha, nyuzi kadhaa juu ya chumba. Ikizidi sana, unapata kilevi kikali cha kuumiza kichwa na harufu ya rangi ya kucha. Ndiyo maana napika kati ya Juni na Agosti, Arusha ikiwa na baridi yake. Nje ya hapo naiweka ndoo ndani ya beseni la maji, naivalisha kitenge kilicholowa ambacho ncha zake zimezama, na upepo unafanya kazi ya friji. Rafiki yangu wa Moshi, ambako Januari mchana hupita nyuzi 30, aliacha kupambana. Anatumia kveik, hamira ya wakulima wa Norway inayofanya kazi safi hata kwenye 35. Kwa joto la Moshi ni jawabu zuri kuliko kitenge.

Povu likishatulia, siku ya saba hivi, natia gramu 80 za hopi moja kwa moja kwenye bia baridi, siku tatu, bila moto wowote. Hii ndiyo harufu inayokupiga kabla hujaonja. Kuanzia hapo adui ni hewa, mwanga na muda. Chupa za kahawia za nusu lita zinafaa. Mwanga wa jua ukipita kwenye kioo cheupe unazigeuza asidi za hopi kuwa harufu ya kicheche kwa muda mfupi wa kushangaza. Sukari ya kuleta gesi ni gramu 6 kwa lita, na usikisie: bia ambayo haikumaliza kuchacha, ikafungiwa na sukari ya ziada, inapasuka kabatini usiku wa manane.

Wiki mbili baadaye iko tayari, na miezi miwili baadaye imeshaanza kuchoka. Bia iliyopata jina kwa safari ya India ndiyo leo isiyovumilia safari. Zile chupa za nje zinazovuka bahari ndani ya kontena la moto zinafika zikiwa zimepoteza nusu ya kilichozifanya zitamaniwe, na ndiyo sababu pekee ya maana ya mtu wa Sakina kuhangaika na sufuria.

Inabaki habari ya taka. Machicha ya kimea, kilo kumi hivi yakiwa mabichi, jirani mwenye nguruwe huja kuyachukua kabla jiko halijapoa. Matope ya hopi yanayobaki chini ya sufuria ni kitu kingine: fukia mbali, na mfungie mbwa ndani mpaka umalize. Mbwa huvutwa na utamu wake, na hopi humpandisha joto la mwili ghafla, hata kupita nyuzi 41, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Wangu huwa namfunga kamba tangu asubuhi, ninapowasha gesi.